Wasomaji Wanauliza: Sogeza Spika Kabla ya Kununua Amplifaya

SWALI: Nina jozi ya spika zilizoandikwa omu 8, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, na unyeti wa desibeli 86, pamoja na amplifaya ya wati 40 kwa kila upande. Nimeziweka juu ya kabati, kila moja katika pembe ya chumba. Besi inavuma mno hata maneno ya mwimbaji hayasikiki vizuri. Muuzaji amenishauri ninunue amplifaya ya wati 80. Je, tatizo litakwisha?

JIBU: Halitakwisha, ndugu msomaji, utausikia uvumi uleule kwa nguvu zaidi. Kwa maelezo yako, kasoro iko mahali ulipoziweka spika. Sauti za besi husambaa pande zote za spika, kwa hiyo spika ikiwa karibu na ukuta, mawimbi yanayorudi kutoka ukutani huungana na yale yanayokwenda mbele na kuikuza besi, na katika pembe, ambako kuta mbili hukutana, nyongeza hiyo huwa kubwa zaidi. Kabati nalo hutetemeka na kuongeza mlio wake: weka kiganja juu yake wakati gitaa la besi linapigwa, nawe utauhisi mtetemo huo.

Zishushe spika uziweke juu ya stendi imara, ili twita, yaani kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, iwe usawa wa masikio yako ukiwa umeketi. Ziache nusu mita kutoka ukutani kwa kuanzia, kisha pima ili umbali wa spika hadi spika ulingane na umbali wa kila spika hadi kwenye kiti chako. Weka wimbo unaoujua vizuri, sikiliza, na usogeze spika sentimita 5 au 10 kwa wakati mmoja. Mwimbaji, ambaye katika rekodi nyingi huwekwa katikati, atasikika kana kwamba amesimama pale pasipo na spika yoyote. Mimi huamini kipimo hicho kuliko namba zozote za kwenye katalogi.

Kagua pia nyaya. Ikiwa waya wa tundu jekundu umeingizwa katika tundu jeusi kwa spika moja tu, spika hiyo huvuta hewa wakati mwenzake anaisukuma. Besi hufifia na mwimbaji hajulikani alipo. Kwa kuwa besi yako imezidi, sidhani kama hilo ndilo lililokupata, lakini ukaguzi wake ni wa dakika moja.

Sasa tuje kwenye wati. Unyeti wa desibeli 86 maana yake ni kwamba spika ikipewa wati 1, sauti yake kwa umbali wa mita 1 hufikia desibeli 86. Kila ukizidisha wati mara mbili, unapata nyongeza ya desibeli 3 tu. Kwa hiyo kutoka wati 40 hadi 80 utasikia tofauti, lakini ndogo, ilhali spika yenye unyeti wa desibeli 92 ingekupa kwa wati 10 sauti ileile ambayo spika zako zinaitoa kwa wati 40. Ndiyo maana namsihi kila anayetaka kununua amplifaya asome kwanza unyeti wa spika zake.

Jambo moja naliomba kwa dhati: usidhani kwamba amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika. Ikilazimishwa kupita uwezo wake, hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na mkato huo huzaa sauti nyembamba nyingi ambazo huiunguza twita. Ukisikia sauti inakwaruza, punguza papo hapo.

SWALI: Je, naweza kuunganisha spika mbili za omu 8 kwenye matundu ya upande mmoja wa amplifaya?

JIBU: Zikiungwa sambamba, jekundu kwa jekundu na jeusi kwa jeusi, amplifaya huona mzigo wa omu 4, na umeme unaopita huongezeka mara mbili kwa volteji ileile. Soma maandishi yaliyo nyuma ya amplifaya: yakiruhusu omu 4, unganisha; yakitaja omu 8 kuwa ndicho kiwango cha chini, usiunganishe, kwa sababu itapata moto kupita kiasi na huenda ikaungua.