Harage kavu, harage la kuchemsha na kokoto

Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza: "Mtoto wa miaka mitano utamfundishaje kutofautisha vitu vyenye uhai na visivyo na uhai?" Mimi ni mwalimu wa darasa la awali hapa Muheza, mkoani Tanga. Jibu langu ni kwamba msimpe mtoto makundi mawili, mpeni matatu: chenye uhai, kilichokuwa na uhai kikafa, na ambacho hakijawahi kuwa na uhai hata siku moja.

Chukueni mjusi aliyekufa nyuma ya mlango. Mtoto akisema hana uhai, kwa makundi mawili amemweka pamoja na kijiko na jiwe. Akisema ana uhai, sisimizi wanaomkokota watamsuta. Na meza ya mninga je? Mkaa, mkeka wa ukindu, ganda la konokono, shati la pamba alilovaa mwenyewe? Vitu vingi vilivyomo darasani na nyumbani vilikuwa hai zamani, na vitabu vyetu vinavipitisha haraka kana kwamba havina historia.

Huwa nafanya hivi. Nakata chupa tatu za maji ya kunywa nibaki na vitako, naweka pamba iliyoloweshwa kwenye kila kimoja. Cha kwanza naweka harage kavu la dukani, cha pili harage lililochemshwa likaiva, cha tatu kokoto yenye ukubwa uleule. Siku ya kwanza watoto wanakubaliana kwamba vyote vitatu ni sawa tu, vimelala. Mtoto akiuliza kipi kina uhai, simjibu. Namwambia amwagilie maji kidogo, asizamishe pamba, maana mbegu iliyozama hukosa hewa ikaoza, na hapo somo zima limeharibika.

Baada ya siku tatu au nne harage kavu limevimba, ganda limepasuka, na kitu cheupe kimechomoza kikielekea chini. Hicho ni mzizi. Shina hufuata likiwa limejikunja kama shingo ya kuku aliyelala, linanyanyuka na nusu mbili za harage kichwani. Kokoto iko vilevile, imelowa tu. Lakini kelele zote ziko kwenye kitako cha pili. Harage la kuchemsha limelegea, linanuka, limeota manyoya ya kijivu. Wanaziba pua, wanasukumana, kisha wanarudi kuangalia tena. Hapo ndipo nauliza: mbona kokoto hainuki? Wanafika wenyewe. Kinachooza kilikuwa hai. Kokoto haikuwahi kuwa na kitu cha kupoteza. Kuna mwerevu mmoja kila mwaka atakayeuliza yale manyoya nayo ni nini, na inabidi nikubali kwamba ule ukungu ni kiumbe hai, na kwa sasa yuko mezani anakula. (Mzazi ukifanya hili nyumbani, funika kitako hicho, na mtoto asikiguse wala kukinusa kwa karibu.)

Kikwazo kikubwa cha umri huu ni mwendo. Miaka ya 1920 Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwauliza watoto kama jua, upepo na baiskeli vina uhai, na wengi walihukumu kwa kuangalia kama kitu kinakwenda. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba watoto wadogo wanajua zaidi ya alivyodhani, hasa kuhusu wanyama. Mimea ndiyo inayowachelewesha. Na sisi wakubwa hatuwasaidii: gari linakula mafuta, simu imekufa, kisha tunashangaa mtoto akisema pikipiki ina uhai na mwembe hauna.

Huku kwetu kuna kifauongo, kile kimmea chenye miiba kinachofunga majani ukikigusa na kuyafungua tena baadaye. Walimu wengi wanakipenda kwa somo hili. Mimi nakitumia kwa tahadhari, kwa sababu kinamthibitishia mtoto kosa lilelile, kwamba kisichotikisika hakina uhai. Afadhali ule mche wa harage tuliouotesha. Uweke karibu na dirisha, uache, kesho yake umeinamia upande wa mwanga. Ugeuze, utainama upande wa pili. Hakuna aliyeuona ukienda.

Ile orodha ya sifa saba, yaani kujongea, kupumua, kujilisha, kukua, kuhisi, kuzaliana na kutoa takamwili, nawaachia walimu wa madarasa ya juu. Mtoto wa miaka mitano ataiimba vizuri sana bila kuielewa, na akiielewa atawaletea moto. Moto unakula kuni. Ukiufunika kwa sufuria unakosa hewa, unakufa. Unakua, na cheche yake inazaa moto mwingine kwa jirani. Nimebanwa na hoja hiyo na mtoto ambaye hata kamba za viatu hajui kufunga. Nilimwambia: moto ukiuzima leo, kesho unauwasha, kuku ukimchinja leo, kesho humuwashi. Mwanasayansi ana maneno yake hapo, lakini kwa awali linatosha, na simu iliyoisha chaji nayo inapata jibu.

Mzazi asiye na muda wa vitako vya chupa ampe mtoto kiumbe wa kumtunza. Huko Japani, Kayoko Inagaki aliwalinganisha watoto wa chekechea waliofuga samaki wa mapambo nyumbani na wenzao wasiofuga. Waliofuga walimjua samaki vizuri zaidi, na walipoulizwa kuhusu chura, ambaye hawakumfuga, walitumia yale ya samaki kupata majibu ya maana. Hapa si lazima samaki. Kifaranga mmoja anatosha, au shina la mchicha kwenye kopo lililotobolewa chini, mradi kazi ya kumwagilia iwe ya mtoto, na dada wa nyumbani asiifanye kwa siri mtoto akisahau.

Mwalimu wa awali, Muheza