Hukurogwa, dada, ni usingizi umehama

Dada wa Kibokoni, umeuliza kama umerogwa, maana tangu Mji wa Kale wa Mombasa ufungwe kwa ajili ya korona tarehe 6 Mei 2020 unaota mende wamejaa chandaruani. Hukurogwa, wallahi.

Usingizi wa ndoto, ule macho yanapochezacheza chini ya kope, hurefuka kadiri unavyozidi kulala. Ramadhani zilizopita ulilala kidogo baada ya daku ukakimbilia kazini. Sasa duka limefungwa, walala hadi adhuhuri, ndoto zote unazimaliza. Na hofu ipo. Deirdre Barrett, mwanasaikolojia wa Harvard aliyekusanya ndoto za kipindi cha korona, alikuta wadudu tele. Kirusi hatukioni, basi akili hukivika umbo la mende.

Ukimaliza tarawehe hapo nyumbani, lala, simu iache sebuleni. Kahawa tungu iishie kwenye futari (hili najua ni gumu). Baada ya alfajiri lala tena, lakini saa mbili uwe umeamka, ukae barazani jua likupige usoni. Ndoto ikikushtua, msimulie mama asubuhi.

Ila usingizi ukikataa wiki kadhaa, au ukiona maisha hayana maana, mwone daktari upesi, nakusihi.