Kabla ya Kusaini Mradi wa Utafiti wa Ulinzi na Usalama

Wiki iliyopita mhadhiri msaidizi mmoja aliniandikia kwamba chuo kikuu cha Ulaya kimemwalika kushiriki utafiti wa sera ya ulinzi katika mpaka wetu wa kusini, kati ya Tanzania na Msumbiji, na kwamba mkataba unatakiwa urudi ukiwa umesainiwa kabla ya mwezi kwisha. Nilimjibu kwa ufupi siku ileile. Hata hivyo jambo hili limeniuma kwa muda mrefu, na najua wapo wengi wenye hamu kama yake ya kuandika juu ya usalama wa nchi yao, kwa hiyo nalieleza hapa kwa urefu.

Tangu mashambulizi ya wapiganaji wenye silaha yaanze Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, mwezi Oktoba 2017, na hasa baada ya kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kushambuliwa Oktoba 2020 na mji wa Palma, huko Cabo Delgado, kuvamiwa Machi 2021, bonde la Ruvuma, mto wa mpakani, limevutia watafiti wengi kutoka nje. Wageni hao wanahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na kibali hakipatikani bila mwenyeji, mtafiti mshirika wa hapa nchini. Baada ya kibali huja barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, kisha ya Katibu Tawala wa Wilaya, kisha ya mtendaji wa kata, na kila ofisi hutazama kwanza muhuri wa ofisi iliyotangulia. Katika mikoa ya mpakani, Kamati ya Usalama ya Wilaya nayo hutaka kujua utauliza nini na utamuuliza nani.

Njia hiyo niliipita mimi kwa niaba ya mradi mmoja wa nje. Niliandaa hojaji, nikakaa na wavuvi na wakulima waliokimbia mashamba yao ya kando ya mto, nikawasikiliza kwa Kiswahili na kwa Kimakonde, nikatafsiri, nikatuma rekodi zote kama tulivyoagizwa. Ripoti ilipotoka, jina langu lilikuwa kwenye shukrani, katika sentensi moja na dereva wa gari tulilokodi. Dereva yule namheshimu sana, maana alitufikisha na kuturudisha salama, lakini maswali hakuyaandika yeye. Lililoniumiza zaidi ni simu ya mwenyekiti wa kijiji, mzee aliyetupokea nyumbani kwake, akiniuliza: "Mwalimu, kwa nini mmeandika kwamba kijiji changu ni maficho ya watu wenye itikadi kali?" Hakuna aliyetuambia hivyo. Sikuonyeshwa rasimu, na mkataba haukunipa haki ya kuidai.

Mradi uliofuata tuliupanga wenyewe: mimi, mwenzangu wa sheria, na ofisa mstaafu wa jeshi aliyekubali kuwa mwandishi mwenza. Makala yetu imekubaliwa na jarida mwaka huu, na nasema kwa fahari kwamba majina yote matatu yako juu yake. Wasomi wengi hudhani wanajeshi hawapendi utafiti, ilhali katika Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi, kilichoanza mwaka 2012, maofisa wakuu na watumishi waandamizi wa serikali husoma darasa moja na kuandika tasnifu. Watafuteni hao na muwashirikishe tangu swali la utafiti linapotungwa.

Tulikubaliana kwa maandishi kwamba mwenzetu wa jeshi atapitia rasimu kwa muda maalumu, naye ataondoa yale tu yanayofichua idadi ya askari, mahali walipo au mbinu zao, na kwamba hitimisho halitaguswa. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inafanya kutoa siri za serikali kuwa kosa la jinai, na digrii yako haitakukinga. Kuhusu takwimu, marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018, yaliyofanya kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi kuwa kosa, yaliwatisha wengi, lakini yalilegezwa mwaka 2019, na inasikitisha kuona wenzetu wakinyamaza hadi leo kwa kuogopa kifungu ambacho hakipo tena.

Rekodi za mahojiano nazo zina mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Itajeni mezani mapema, kwa adabu na bila woga, kwa kuwa anayehitaji mwenyeji ili apate kibali ana sababu ya kumsikiliza. Daini mambo matatu yaandikwe: nani ni mwandishi, nani anatunza rekodi, nani anapitia rasimu na kwa mipaka gani. Mgeni akikataa kuyaandika, msisaini, hata fedha ziwe nyingi kiasi gani. Na wekeni kwenye bajeti muhtasari wa Kiswahili, kurasa chache pamoja na nauli, ili mwenyekiti wa kijiji na ofisi ya wilaya wausome na kusahihisha kabla makala haijapelekwa jaridani.