Tulicheka tulipomkumbuka mama: je, tumemkosea?

SWALI: Assalaam alaykum, Shekhe. Mama yetu amefariki miezi miwili iliyopita. Alikuwa mama ntilie pale Mwaloni, soko la dagaa la Kirumba, Mwanza, na hakuna aliyekula kibandani kwake akaondoka amenuna. Siku za mbalamwezi, dagaa wasipovuliwa na vijana wakawa hawana kitu mfukoni, aliwapa ugali na uji kwa mkopo, akaandika kwenye daftari. Juzi baadhi yao walikuja kutupa pole. Tukakumbushana utani wake, tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Jirani akatukemea kwamba tunamkosea marehemu. Je, ni dhambi? Na madeni ya kwenye daftari tuyafanyeje? Baba alimtangulia, na wazazi wake pia. Tumebaki mimi, kaka yangu na mdogo wetu wa kiume wa miaka 11. Tunataka kumkumbuka mama inavyostahili.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yako na alinawirishe kaburi lake.

Hamkukosea. Bi Aisha, Mungu amuwie radhi, amesimulia kwamba Hala, dada yake Bi Khadija, mke wa kwanza wa Mtume, alikuja siku moja akabisha hodi kwa Mtume (s.a.w.). Bi Khadija alikuwa ameshafariki. Mtume aliposikia hodi ile akakumbuka jinsi Khadija alivyokuwa akibisha, akafurahi, akasema, "Ewe Mola, awe ni Hala!" Sauti tu ya dada mtu, na furaha ikamrudia. Basi na ninyi, utani wa mama ulipotajwa, mlimsikia mama akibisha hodi. Kukaa matanga kwa asiyekuwa mjane kumewekewa siku tatu, na ninyi mko mwezi wa pili. Mchunge jambo moja tu: anayesimuliwa awe ni mama yenu kweli, bila kumzulia la uongo wala kutoa aibu aliyoisitiri. Jirani msimchukie. Huenda naye analia kwa njia yake.

Tena wale vijana wamemfanyia mama yenu jambo kubwa kuliko walivyodhani. Anas, sahaba wa Mtume, amepokea kwamba jeneza lilipita, watu wakamsifu maiti kwa wema, Mtume akasema, "Imewajibika." Alipoulizwa ni nini, akajibu kwamba maiti huyo imemwajibikia Pepo, na kwamba waumini ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi. Kijana anayebeba magunia ya dagaa mgongoni, akiacha kibarua chake kuja kusema "mama alinilisha," ametoa ushahidi.

Sasa daftari, na hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu wema usio na hesabu huweza kuingia kwenye dhuluma. Kwanza lipeni anayodaiwa mama mwenyewe, kama yapo: muuza unga, muuza mkaa, kodi ya kibanda. Kisha mtekeleze wasia wake, kama aliuacha, usizidi theluthi ya mali. Yanayobaki ni mirathi, na fedha anazodai ziko ndani yake. Kwa maelezo yako, ni mafungu matano: kaka yako mawili, mdogo wenu mawili, wewe moja. Kama daftari lina shilingi 500,000, basi 200,000 ni za mtoto wa miaka 11. Hajabaleghe, hawezi kusamehe, wala ninyi hamwezi kusamehe kwa niaba yake. Mali ya yatima ni moto kwa anayeila kwa dhuluma.

Lakini mafungu yenu, wewe na kaka yako, ni yenu. Qur'ani katika Sura ya Pili, aya ya 280, imesema mdaiwa akiwa na shida angojewe mpaka afarijike, na kumsamehe kwa kuifanya sadaka ni bora zaidi. Basi sameheni fungu lenu, mkinuia thawabu zimfikie mama. Mkitaka kijana aondoke hana deni kabisa, mlipeni mdogo wenu haki yake kutoka mfukoni mwenu, kidogo kidogo, na muiandike. Mimi hilo ndilo ninalolipenda zaidi.

Kuhusu arobaini na hitima, yaani kisomo cha kumwombea marehemu, maulamaa wametofautiana, na sitaki kuwatia kwenye mabishano. Ninachokikataa ni wafiwa kukopa ili walishe watu. Jaafar, binamu yake Mtume, alipouawa vitani, Mtume aliwaambia watu waipelekee chakula familia yake. Wafiwa ndio wa kulishwa.

Kumkumbuka inavyostahili, fuateni alivyomfanyia Mtume Bi Khadija. Alikuwa akichinja kondoo, akikata vipande, akiwapelekea marafiki zake Khadija, mpaka Bi Aisha akamwonea wivu mwanamke ambaye hata hakuwahi kumwona. Hakusema tu kwamba anamkumbuka. Nyama ilifika mlangoni kwa watu aliowapenda Khadija. Marafiki wa mama yako unawajua, majina yao yamo kwenye daftari.

Mbalamwezi ikija, mitumbwi ikiwa imepaki na taa zimezimwa, chemsha sufuria la uji, nenda nalo Mwaloni wewe na mdogo wako. Wakiuliza bei, mwache yeye awajibu kwamba uji ni wa mama. Na wakianza utani, cheka nao.

Wallahu aalam.