Maswali na Majibu: Anurizimu yenye maambukizi kwa mgonjwa mwenye pampu ya moyo

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni muuguzi katika kitengo cha wagonjwa mahututi hapa Minnesota, Marekani. Tulikuwa na mgonjwa mwenye pampu ya HeartMate 3 (inayosaidia ventrikali ya kushoto ya moyo kusukuma damu) ambaye tundu la tumboni unakopita waya wa pampu lilikuwa likitoa usaha, na damu yake ilipooteshwa maabara tukapata Staphylococcus aureus. Siku ya nne kichwa kilimuuma ghafla. CT ilionyesha damu kidogo juu ya ubongo, na anjiografia ikaonyesha anurizimu ndogo (uvimbe wa ukuta wa mshipa) katika tawi la mbali la ateri ya kati ya ubongo. Madaktari waliliziba tawi hilo kwa gundi. Kwa nini hawakuweka stenti (kimrija cha waya za chuma) ili mshipa ubaki wazi? Na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hurudishwa lini?

JIBU: Ndugu muuguzi, stenti ingedai dawa ambazo mwili wa mgonjwa huyo usingezimudu, ilhali gundi ikishaganda haidai dawa yoyote.

Tuanze na uvimbe wenyewe. Anurizimu za kawaida huota kwenye njia panda za ateri kubwa chini ya ubongo, nazo mara nyingi huwa na kifuko na shingo. Hii ya maambukizi ina asili nyingine: kipande kidogo chenye bakteria husafiri na damu hadi pale ateri inapokuwa nyembamba, kikakwama, na bakteria wakaanza kuula ukuta wa mshipa hadi ukapoteza misuli na nyuzi zake za mnyumbuko. Kinachobaki ni ukuta uliooza pande zote, usio na shingo ya kubana wala nguvu ya kuhimili koili za platinamu (nyaya laini za kuziba uvimbe) zikisukumwa ndani yake. (Daktari William Osler alipouita uvimbe huu kwa jina linalotokana na kuvu, mwaka 1885, hakuwa na maana kwamba kuvu ndiyo chanzo; wengi wa wagonjwa hawa wana bakteria, na jina hilo bado linawapotosha wanafunzi.)

Sasa ongeza pampu. Mgonjwa huyu hutumia warfarini kwa INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) ya kati ya 2 na 3, na zaidi ya hayo kasi ya damu ndani ya pampu huzikatakata molekuli kubwa za protini ya von Willebrand zinazosaidia chembe sahani kushikamana, kwa hiyo huvuja damu kwa urahisi hata kabla hujahesabu dawa. Stenti ingehitaji aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia chembe sahani kushikamana, kwa miezi kadhaa juu ya hayo yote, kwa mtu ambaye ubongo wake umeshavuja, tena chuma chenyewe kingekaa ndani ya ukuta wenye bakteria. Kwa maoni yangu wenzako waliamua vyema.

Kazi yenyewe ina vikwazo vyake. Kwa sababu ya pampu, mapigo kwenye kinena huwa hafifu au hayashikiki kabisa, hivyo ateri hutafutwa kwa ultrasaundi badala ya vidole. Katheta nyembamba ikishafika karibu na uvimbe, husafishwa kwa maji ya dekstrosi ya asilimia 5, kwa sababu gundi huganda papo hapo inapokutana na chumvi za damu. Gundi iliyochanganywa na lipiodoli (mafuta yanayoonekana kwenye eksirei) husukumwa polepole, kisha katheta huvutwa kwa haraka isije ikanaswa. Gharama yake ni tawi lililozibwa. Likiwa linalisha sehemu ya usemi au ya mkono, udhaifu unaweza kubaki, na hilo lazima familia iambiwe mapema. Ikiwa bonge la damu ni kubwa na linaukandamiza ubongo, upasuaji wa kufungua fuvu huwa hauepukiki, ingawa kwa mgonjwa wa namna hii kila hatua ya kisu huvuja. Anurizimu isiyopasuka tunaweza kuitibu kwa antibiotiki pekee huku tukirudia picha, na ikikua tunaiziba.

Kuhusu warfarini: damu inapovuja, tunaibatilisha, na mimi hupendelea mchanganyiko wa protini za kugandisha damu kuliko plazma, kwani plazma nyingi hulemea ventrikali ya kulia, ambayo pampu haiisaidii. Hakuna siku moja inayowafaa wagonjwa wote. Uvimbe ukishazibwa na CT ya kurudia ikionyesha damu haijaongezeka, tunaanza na heparini ya dripu bila dozi ya kwanza kubwa, tukimchunguza mgonjwa kila saa, kisha warfarini hufuata. HeartMate 3 inatupa nafasi kuliko HeartMate II, pampu iliyoitangulia, ambayo ilikuwa ikishikwa na damu iliyoganda mara nyingi zaidi. Aspirini nisingeirudisha bila sababu nyingine: jaribio la ARIES-HM3, lililochapishwa mwaka 2023, lilionyesha kwamba wenye pampu hiyo wanaoiacha huvuja damu mara chache kuliko wanaoitumia, bila kuongezeka kwa madhara ya damu kuganda.

Lakini gundi haikugusa chanzo. Bakteria bado wamo kwenye waya, pengine na kwenye pampu, kwa hiyo antibiotiki za mshipani huendelea kwa takriban wiki sita, na baada yake vidonge vya kuwadhibiti kwa muda wote pampu ingalimo, au hadi apate moyo wa kupandikizwa. Anurizimu mpya inaweza kujitokeza tawi jingine katikati ya matibabu. MRI hairuhusiwi kwa mwenye pampu, kwa hiyo ufuatiliaji ni kwa CT ya mishipa na anjiografia ya katheta. Akilalamika tena kichwa, hata kama INR ni 2.1 na shinikizo la wastani la damu liko chini ya 90, mwite daktari na mpelekeni CT kwanza. Dawa ya maumivu isimlaze kabla ya picha.