Feni za umeme zisizo na gia: anza na feni, mota itafuata

Vijana wengi wanaojiunga na kazi hii ya kuunda mota za feni za ndege za umeme zinazopaa wima huja na karatasi ya maelezo ya mota waliyoipenda. Kilowati 35, nyepesi, ndogo kiasi cha kuingia kwenye mkoba. Swali langu la kwanza huwa moja tu: inazunguka mara ngapi kwa dakika? Wakinijibu 12,000, tunakaa na kalamu na karatasi.

Chukua feni ya wazi, isiyozungukwa na ganda, yenye kipenyo cha mita 1, inayotakiwa kutoa msukumo wa nyutoni 1,000, yaani kubeba takriban kilo 100 zikiwa zimetulia hewani. Kwa hesabu safi ya nadharia, kwenye hewa ya usawa wa bahari, feni hiyo inahitaji karibu kilowati 23. Mapanga halisi hupoteza, kwa hiyo weka kilowati 33 kwenye shafti. Sasa ifunge moja kwa moja kwenye mota ya mizunguko 12,000. Ncha za mapanga zitakimbia mita 628 kwa sekunde, wakati sauti yenyewe husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Feni hiyo haifai kitu. Ukitaka kelele ivumilike, shusha mwendo wa ncha hadi mita 150 hivi kwa sekunde, na hapo feni inazunguka kama mara 2,900 tu kwa dakika.

Hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Kilowati ni zile zile 33, lakini nguvu ya kuzungusha shafti, ambayo nitaiita msokoto, imebadilika kabisa. Kwa mizunguko 12,000 ungehitaji nyutonimita 26. Kwa 2,900 unahitaji karibu 110. Mota ya mkobani haina msokoto huo, na kinachoamua ukubwa na uzito wa mota ni msokoto kuliko kilowati. Ndiyo maana nasema anza na feni: msukumo, kipenyo, mwendo wa ncha. Mota ipokee mizunguko ambayo feni imeipangia.

Utaniuliza, kwa nini tusiweke gia tukamaliza? Ni swali la haki, na kuna miradi ambayo gia ndogo ndiyo jibu sahihi. Lakini elewa unachokibeba. Aprili 2016 helikopta aina ya EC225 ilianguka karibu na kisiwa cha Turøy, Norwei, baada ya rafadha kuu kung'oka angani. Watu 13 walikufa. Uchunguzi ulifika kwenye gia moja ndani ya giaboksi kuu, iliyopasuka kwa uchovu wa chuma. Ndege ya kupaa wima yenye feni nane za gia ina giaboksi nane, na kila moja ina oili yake, meno yake na ukaguzi wake. Mimi nilichagua kuishi bila hayo, na nimelipa gharama yake kwa uzito wa shaba na sumaku.

Msokoto unaupata kwa upana. Mota mbili zenye urefu sawa, moja ikiwa na kipenyo mara mbili ya nyenzake, ile pana hutoa msokoto wa karibu mara nne. Kwa hiyo mota zetu huwa bapa kama sahani, zenye ncha nyingi za sumaku, yaani kaskazini na kusini zinazopishana. Ncha nyingi nazo zina bei yake: ukiwa na jozi 20 na feni inayozunguka mara 48 kwa sekunde, usumaku ndani ya chuma cha mota hubadilika mara 960 kwa sekunde. Bati nene linalounda chuma cha mota za kawaida hupata joto vibaya kwa kasi hiyo. Agiza bati jembamba, na usikubali kubembelezwa kwenye bei.

Sasa joto, ambalo ndilo limenifunza zaidi. Katika jaribio langu la kwanza niliweka kihisi cha joto kwenye ganda la mota kwa nje, kwa sababu ndipo mkono ulipofika. Tulikuwa tunaiga kuelea kwa dakika mbili. Kihisi kilisoma nyuzi 70 na nikajisikia salama. Kisha nikanusa varnishi inayofunika waya. Tulipofungua, koili moja ilikuwa imegeuka rangi ya chai pale waya unapopinda kutoka kwenye tundu la chuma. Sehemu hiyo haigusi chuma, haigusi ganda, joto lake halina njia fupi ya kutokea. Tangu siku hiyo vihisi vyangu hulala katikati ya waya pale pale kwenye mpindo, na huwekwa kabla gundi haijamiminwa.

Jambo la pili nililoliona siku ile ni kwamba baada ya kuzima, joto la sumaku liliendelea kupanda. Shaba ilikuwa bado na moto wake, feni imesimama, hakuna upepo. Sumaku za neodimiamu hupungua nguvu kadiri zinavyopata joto, na zikivuka kikomo cha daraja lake hazirudi zilivyokuwa. Basi usifunge daftari mota inaposimama. Endelea kusoma mpaka mstari uanze kushuka.

Na usipime joto kwa hali njema tu. Msokoto hufuata mkondo wa umeme, lakini joto la shaba hufuata mraba wa mkondo huo. Tuseme ndege ina feni nane na moja imekufa. Ili isipinduke, mara nyingi na ile ya upande mkabala hupunguzwa au kuzimwa. Sita zilizobaki zinabeba mzigo wa nane: msukumo wa kila moja unapanda kwa theluthi. Kwa feni ya mapanga yasiyogeuzwa pembe, msokoto nao unapanda kwa theluthi, na joto la shaba linafika karibu mara 1.8. Shaba ikipata moto ukinzani wake huongezeka, takriban asilimia 39 kwa kila nyuzi 100, kwa hiyo hesabu halisi ni mbaya kuliko hiyo. Hii ndiyo hali ya kubunia mota yako. Abiria atakuwa ndani dakika hiyo.

Upana una deni jingine. Ndege nyingi za aina hii hujisawazisha kwa kubadilisha kasi ya feni, na rota pana, yaani sehemu ya mota inayozunguka, ni nzito kuiharakisha. Msokoto ukitumika wote katika kuelea, hakuna kinachobaki cha kujibu upepo wa ghafla. Kaa na mtu wa mfumo wa uongozaji mapema, mkubaliane akiba, kabla hujakata chuma.

Kisha tazama beringi. Bila giaboksi, feni inaning'inia kwenye shafti ya mota yenyewe, na kila ndege inapoinama feni inasukuma shafti pembeni. Mwanya kati ya rota na stata, sehemu ya mota isiyozunguka, ni milimita moja, pengine pungufu. Nimewahi kufungua mota iliyofaulu majaribio yote ya kwenye stendi, nikakuta mstari mwembamba unaong'aa umechorwa juu ya sumaku tatu, upande mmoja tu. Stendi yetu ilikuwa haijawahi kuinamishwa feni ikizunguka. Yako iinamishe.

Gundi ya sumaku pia usiidharau. Sumaku ya gramu 10, ikiwa sentimita 20 kutoka katikati, kwa mizunguko ile 2,900 huvutwa nje kwa takriban nyutoni 180, sawa na kuning'iniza kilo 18 juu yake. Rota ikiwa nje, pete ya chuma huibana sumaku isitoke. Rota ikiwa ndani, unahitaji soksi ya nyuzi za kaboni inayoifunika rota na kuzibana sumaku, na soksi hiyo inakula ule mwanya mdogo ulio nao. Pima unene wake baada ya kukauka, kwa mkono wako, sehemu nne za mzingo, na uandike zote nne.