Chenji za benki: achana na robo dola kwanza

Pole ndugu. Umesema umepekua vifurushi vya robo dola vya benki huko Marekani wiki nzima, ukitafuta sarafu za zamani zenye madini ya fedha, bila kuambulia kitu. Ni kawaida; watu wamezichambua miaka na miaka.

Mimi ningeomba benki nusu dola, sarafu 20 kwa dola 10. Hazitumiki sana madukani, kwa hiyo za zamani bado zimejificha. Tazama mwaka: ya 1964 kurudi nyuma ni madini ya fedha asilimia 90, za 1965 hadi 1970 ni asilimia 40. Njia ya haraka ni kuzipanga wima na kukagua kingo. Isiyo na mstari wa shaba, iweke kando uisome. (Macho yatauma, zoea tu.) Senti tano za wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, 1942 hadi 1945, nazo zina madini ya fedha kama herufi kubwa (alama ya kiwanda cha sarafu) imekaa juu ya jengo lililochorwa upande wa nyuma.

Usizisugue hata zikiwa chafu! Niliwahi kung'arisha moja, mnunuzi akaikataa. Masalio rudisha tawi jingine la benki, usiwachoshe makarani wale wale. Na hela ya kodi ya nyumba usiiguse kwa kazi hii. Ukipata yenye kasoro ya ajabu, mwone mthamini kabla hujauza.